Uhakiki wa michoro ya mwili na mwanga

Uhakiki wa michoro ya mwili ni kazi ya mwalimu, au ya mchoraji mwenzake, kuukagua mchoro wa mtu aliyechorwa kwa kutazamwa, kisha kusema umbo limepotoka wapi, mwanga umekosewa wapi, na kipi kirekebishwe kwanza. Hilo la mwisho ndilo gumu. Kuona kosa si kazi kubwa, kwa kuwa kila mtu anaishi na mwili tangu azaliwe na macho yake huukataa upesi mkono mfupi au shingo iliyokaa upande. Ujuzi unahitajika katika kulitambua kosa lililozaa mengine.

Kisa cha kale juu ya jambo hili kimeandikwa na Pliny Mkubwa, Mroma wa karne ya 1. Anasimulia kwamba mchoraji wa Kigiriki Apelles alikuwa akiweka kazi zake hadharani na kujificha nyuma yake ili asikie wapita njia wanasema nini. Fundi viatu alisema kiatu kimechorwa vibaya, na Apelles akakirekebisha. Kesho yake fundi, akiwa amevimba kichwa, akaanza kuukosoa mguu. Apelles akachungulia na kumwambia asivuke kiatu. Wasanii wamekitumia kisa hiki karne nyingi kuwanyamazisha wasio wasanii, ingawa nusu yake ya kwanza ina faida zaidi: fundi alitaja kasoro moja, inayoonekana, inayorekebishika, na ikarekebishwa.

Chimbuko la utaratibu wa sasa

Utaratibu unaofuatwa leo katika vyuo vingi ulikomaa Paris katika karne ya 19. Kwenye karakana za chuo cha sanaa cha École des Beaux-Arts mwanafunzi alimchora modeli yuleyule, katika mkao uleule, kwa siku kadhaa, na profesa alipita kwa siku zilizopangwa akienda kutoka ubao mmoja hadi mwingine. Wanawake hawakupokelewa huko hadi 1897. Wengi wao walisomea Académie Julian, iliyofunguliwa mwaka 1868, ambako William-Adolphe Bouguereau alikuwa miongoni mwa waliosahihisha. Kabla ya kumfikia modeli hai, mwanafunzi alinakili sanamu za plasta, au picha za mazoezi ambazo Charles Bargue alizitayarisha pamoja na Jean-Léon Gérôme kati ya 1866 na 1871. Plasta haichoki wala haisogei, na weupe wake huonyesha kila daraja la kivuli.

London ilikuwa na Henry Tonks, daktari mpasuaji aliyeacha hospitali na kufundisha katika chuo cha sanaa cha Slade kuanzia 1892 hadi 1930. Aliijua mifupa kwa kisu, na ulimi wake uliwaliza wanafunzi. Waliotoka mikononi mwake wakiwa wachoraji wazuri ni wengi, na huo umekuwa udhuru wa walimu wakali hadi leo. Udhuru huo ni dhaifu: Tonks alikuwa na maarifa ya mwili ambayo wengi wanaouiga ukali wake hawana.

Umbo kabla ya kivuli

Mkaguzi mzoefu haanzi na mwanga. Anaanza na uzito: je, mtu huyu amesimama au anaanguka? Modeli akiegemeza uzito kwenye mguu mmoja, nyonga ya upande huo hupanda, bega la upande huohuo kwa kawaida hushuka, na shimo lililo chini ya koo hukaa wima juu ya kifundo cha mguu unaobeba. Kipimo chake ni timazi, ileile ya fundi mwashi, yaani uzi wenye kitu kizito mwishoni, unaoshikwa mbele ya jicho. Mchoro ukishindwa kipimo hiki, mwanafunzi mara nyingi huwa ameshauona mtu wake akiyumba na kujaribu kumkaza kwa kutia giza chini ya nyayo. Kumwambia kwamba giza limezidi ni kutibu homa na kuacha malaria.

Baada ya uzito huja uwiano. Vitruvius, msanifu majengo wa Roma ya kale, aliandika kwamba kichwa, kutoka kidevuni hadi utosini, ni sehemu ya nane ya urefu wa mtu. Andrew Loomis, katika kitabu chake cha 1943 kilichoandikiwa wachoraji wa magazeti na matangazo, naye alitumia vichwa 8 kama kipimo cha umbo bora. Watu halisi wengi hukaribia 7 na nusu. Kanuni hizi husaidia anayechora kutoka kichwani mwake, lakini mhakiki anayezitumia dhidi ya mchoro wa mtu aliyeketi mbele ya wote anakosea: kipimo ni modeli. Tena modeli aliyeketi huvunja kanuni zote, maana paja linalomwelekea mchoraji huonekana fupi ajabu, na anayeanza hulirefusha kwa sababu anajua kwamba paja ni refu. Hapo mhakiki humkalisha mwanafunzi, akamwagiza anyooshe penseli na kupima upya kwa jicho moja.

Leon Battista Alberti, mwandishi wa sanaa wa Italia, alishauri mwaka 1435 kuutazama mchoro kwenye kioo, na siku hizi simu huigeuza picha kwa kuibonyeza tu. Jicho lililozoea kosa huliona likihamia upande wa pili.

Mwanga

Mwili unaoangazwa na taa moja una sehemu mbili kuu: inayoiona taa na isiyoiona. Makosa mengi ya mwanga hutokana na kuvuruga mpaka huo. Kosa lililoenea ni la mwanga unaorudi kutoka ukutani au kwenye shuka na kugusa upande wa kivuli. Umezungukwa na giza, kwa hiyo jicho huudhania mkali kuliko ulivyo, na mwanafunzi hufuta mkaa hadi karatasi ionekane. Dawa yake ni kufinya macho: maelezo madogo hupotea, na ule mwanga huzama kivulini unakostahili kuwa. Mhakiki anayesema “finya macho, kisha linganisha ubavu huu na bega lile” amefundisha zaidi ya anayesema “kivuli hakijakaa sawa”.

Kingo za kivuli nazo husemwa mara chache, wakati ndizo zinazoonyesha kama mchoraji ameuelewa mwili. Kwenye shavu au tumbo kivuli huingia polepole. Kwenye muundi, mfupa ulipo karibu na ngozi, hukata ghafla. Kivuli cha pua kinachoangukia mdomo ni kikali kinapoanzia na hulainika kadiri kinavyokwenda mbali.

Umbali wa taa nao una hesabu yake. Umbali ukizidishwa mara 2, mwanga hupungua hadi robo. Taa ikiwa mita 1 kutoka usoni na mita 2 kutoka miguuni, nyayo zilizochorwa angavu kama paji la uso zinaonyesha kwamba mchoraji aliangaza kila kiungo peke yake. Anapaswa kuulizwa taa ilikuwa wapi. Asipoweza kujibu, hakuna haja ya kuendelea na mengine.

Vitabu vya Ulaya husisitiza dirisha la kaskazini, kwa kuwa huko jua haliingii moja kwa moja na mwanga haubadiliki sana. Kampala au Nairobi ushauri huo haufai mwaka mzima, maana kati ya mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Septemba jua liko upande huohuo wa kaskazini. Na jua la saa sita mchana huku huangusha kivuli cha paji la uso hadi macho yakafichika. Si kosa la mchoraji, ila ni mwanga mgumu wa kujifunzia.

Jambo moja linahitaji kusisitizwa kwa msomaji wa Afrika. Mazoezi yaliyotokana na plasta humfanya mhakiki aone ngozi nyeusi kuwa “imetiwa giza mno”. Rangi ya ngozi na kivuli ni vitu viwili. Kwenye ngozi nyeusi tofauti kati ya upande wa taa na upande wa kivuli huwa finyu, lakini mng'ao kwenye paji la uso, mfupa wa shavu na bega hujitokeza kwa nguvu, na ndio unaobeba umbo. Mwanafunzi anayeambiwa aipaushe ngozi ili kivuli kionekane amepewa ushauri mbaya.

Kisa cha Rappard na Van Gogh

Mwaka 1885, huko Nuenen, Uholanzi, Vincent van Gogh alichora Wala Viazi: wakulima watano mezani chini ya taa moja. Alikwisha chora makumi ya vichwa vya wakulima kujiandaa. Kabla ya kumaliza picha ya mafuta alitengeneza litografia yake, yaani chapa ya jiwe, tena kwa kumbukumbu, na nakala moja ikamfikia rafiki yake Anthon van Rappard, mchoraji waliyefahamiana Brussels mwaka 1880. Rappard alijibu kwa barua kali. Alidhihaki mkono uliokuwa mfupi, pua zilizokatika, na mtu aliyeonekana hana goti wala tumbo. Van Gogh alimrudishia barua yake, na kabla ya mwaka kwisha urafiki ulikuwa umekufa.

Rappard hakusema uongo kuhusu ule mkono. Alikosea kwa kuhukumu picha ambayo hakuwa ameiona, kupitia chapa ya haraka, na kwa kuuliza maswali ya kejeli yasiyotaka jibu. Van Gogh mwenyewe alieleza kwamba usahihi wa chuoni haukuwa lengo lake. Alitaka mikono inayokula iwe ndiyo iliyolima. Hilo ndilo Rappard alipaswa kuulizia kabla ya kupima mikono.

Afrika Mashariki

Margaret Trowell, aliyepitia Slade katika enzi za Tonks, alianza kufundisha sanaa katika chuo cha Makerere, Uganda, mwaka 1937 na kwa makusudi hakuleta njia ya Slade. Aliwasimulia wanafunzi jambo na kuwaacha walichore kutoka akilini. Sam Ntiro wa Uchagani alisoma kwake, kisha yeye mwenyewe akaenda Slade katika miaka ya 1950, lakini picha zake za vijiji ziliendelea kujali kazi na mpangilio wa watu kuliko vivuli vyao. Kumhakiki Ntiro kwa kuuliza taa iko wapi ni kupoteza muda. Kumuuliza hivyo mwanafunzi aliyejitangaza kuwa anachora mwili chini ya taa ni lazima.

Kwa hiyo anayeomba kazi yake ihakikiwe aseme alikuwa akitafuta nini, na aonyeshe pamoja na mchoro picha ya modeli iliyopigwa kutoka alipoketi, taa ikiwa palepale. Picha ya mchoro nayo ipigwe kutoka mbele, simu ikiwa wima na mbali kidogo, maana lenzi iliyosogezwa karibu na kuinamishwa kutoka juu huongeza kichwa na kupunguza miguu, na mhakiki ataishia kusahihisha simu.