Mashine za Sataranji na Mikao Iliyofungwa

Katika mchezo wa sataranji ziko nyakati ambapo vitunda, yaani kete ndogo nane ambazo kila mchezaji huzipanga mbele ya kete zake kubwa, husukumana vikakutana uso kwa uso katikati ya ubao, kisha visiweze kusogea wala kulana. Mkao wa namna hiyo huitwa mkao uliofungwa. Njia zimezibwa, ngome hazina safu ya kupita, maaskofu huangalia migongo ya vitunda vyao wenyewe, na farasi peke yake, kwa kuwa huruka, ndiye mwenye nafasi kidogo. Mchezaji mzoefu aonapo mkao kama huo haulizi atakula nini katika hatua ya tatu. Huuliza ni kitunda gani kitakachofungua mlango, upande upi, na baada ya maandalizi ya hatua kumi au ishirini. Mashine zilizoundwa kucheza sataranji zilikuwa hodari wa swali la kwanza tangu mapema, bali swali la pili lilizitatiza kwa muda wa karibu miaka 70. Na habari ya namna zilivyolijibu ni habari ya vipimo zaidi kuliko habari ya kasi.

Chanzo chafaa kutafutwa katika makala ya Claude Shannon, Mmarekani, iliyochapishwa mwaka wa 1950. Shannon alitambua kuwa mashine haiwezi kuufuata mchezo mpaka mwisho wake, kwa sababu michezo inayowezekana ni mingi kupita hesabu ya kawaida. Hapana budi isimame mahali fulani, iutazame ubao, na kuupa namba. Namba hiyo aliijenga hivi: malkia 9, ngome 5, askofu 3, farasi 3, kitunda 1, na mfalme 200, maana akipotea yeye mchezo umekwisha. Kisha akatoa nusu ya kitunda kwa kila kitunda kilichobaki nyuma, kilichotengwa, au kilichosimama nyuma ya mwenzake katika safu moja, na akaongeza sehemu moja ya kumi kwa kila hatua iliyo halali kuchezwa. Hiki ndicho kipimo kilichozaa vyote vilivyofuata. Atakayekichunguza ataona kwamba ni kipimo cha ubao ulio wazi. Thamani ya kete imekadiriwa kana kwamba kila kete ina mahali pa kwenda, na ngome iliyozikwa nyuma ya ukuta inahesabiwa 5 sawasawa na ngome inayotawala safu nzima, isipokuwa tofauti ndogo itokanayo na hesabu ya hatua.

Alan Turing, Mwingereza, alikuwa amekwisha kubuni kanuni zake pamoja na David Champernowne mwaka wa 1948, na mwaka wa 1952 alizifuata kwa karatasi na kalamu, akiwa yeye mwenyewe ndiye mashine, akacheza na Alick Glennie. Kanuni zilishindwa katika hatua ya 29. Kipimo chake kilitofautiana na cha Shannon kidogo tu: askofu alipewa tatu na nusu, na malkia 10.

Mtu aliyeugeuza udhaifu huu kuwa silaha ni David Levy. Katika mwaka wa 1968, huko Uskoti, Levy alitia dau na wataalamu wa kompyuta kwamba katika muda wa miaka kumi hakuna mashine itakayomshinda katika mashindano ya michezo kadhaa. Dau likakua hata likafikia pauni 1,250. Ulipowadia mwaka wa 1978 alikutana mjini Toronto na programu iliyoitwa Chess 4.7, kazi ya watu wa chuo kikuu cha Northwestern. Mbinu ya Levy ilikuwa kutokufanya kitu, lakini kutokufanya kwa ustadi: kuuweka ubao katika utulivu, kuziba njia, na kungoja mashine, isiyo na shauri la mbali, ijiharibie mkao wake yenyewe. Alishinda kwa alama tatu na nusu dhidi ya moja na nusu. La kufundisha zaidi ni mchezo wa nne, maana ndio pekee alioshindwa. Humo aliiacha mbinu yake akafungua ubao kwa makusudi, apambane na mashine katika nyumba yake mwenyewe, naye akapigwa.

Sababu ya jambo hili si ngumu kuifahamu. Katika mkao wa kawaida mchezaji ana hatua kama 30 halali, na mpinzani vivyo hivyo, hata hatua moja ya kila upande huleta mikao ipatayo 1,000. Kila jozi ya hatua inayoongezwa huzidisha hesabu mara 1,000 tena. Njia za kupogoa matawi yasiyo na maana zilipunguza mzigo huo sana, walakini hazikuuondoa. Sasa, katika ubao ulio wazi, jambo kubwa hutokea karibu: kete inaliwa, mfalme anatishwa, namba inapanda au inashuka, na mashine inaona. Katika ubao uliofungwa hatua 15 hupita pasipo namba kubadilika hata kidogo, na mabadiliko yako ng'ambo ya pale macho yanapokoma. Hans Berliner, ambaye alikuwa bingwa wa sataranji ya barua kabla ya kuwa mwanachuoni wa kompyuta, aliliita jambo hili mwaka wa 1973 kwa jina la upeo: kilicho nyuma ya upeo wa macho, kwa mashine, hakipo.

Mfano ulio wazi kuliko yote, pengine, ni ule uliotolewa na Roger Penrose katika kitabu chake cha mwaka 1994. Wachezaji wawili wa Uingereza walitunga mkao ambamo weupe wana mfalme na ukuta wa vitunda uliokatiza ubao wote, na weusi wamewazidi kwa ngome mbili na askofu. Weusi hawawezi kuupenya ukuta ule kamwe. Weupe wanatakiwa tu kumtembeza mfalme wao huku na huku nyuma yake, na mchezo utakuwa sare. Mkao huo ulipopewa mashine iliyoitwa Deep Thought, ambayo ilikuwa imekwisha kuwashinda mabingwa wakubwa, iliona ngome ya adui iko mahali inapoweza kuliwa na kitunda. Ikaila. Kwa kula huko ikaubomoa ukuta wake, na mchezo ukapotea. Mtoto aliyejifunza mchezo kwa wiki moja angesita. Haifai, hata hivyo, kuicheka mashine kupita kiasi: ilifanya ilivyofunzwa, nayo ilifunzwa kwamba ngome ni 5 na kitunda ni 1, wala hakuna mahali katika hesabu yake palipoandikwa neno boma.

Mrithi wa mashine hiyo, Deep Blue ya kampuni ya IBM, ndiye aliyewafanya watu wengi waamini kuwa mambo yamegeuka. Katika mwezi wa Mei 1997, mjini New York, ilikutana na Garry Kasparov, bingwa wa dunia. Iliweza kutazama mikao ipatayo milioni 200 kwa sekunde. Lakini lisilosemwa mara nyingi ni kwamba kipimo chake nacho kilikuwa kimepanuliwa mno, hata kikawa na sifa za mkao zipatazo 8,000, nyingi zikiwa zimerekebishwa kwa msaada wa mabingwa, akiwamo Joel Benjamin. Kasparov alishinda mchezo wa kwanza. Katika wa pili, tarehe 4 Mei, mkao ulikuwa wa kufungwa, wa ufunguzi uitwao wa Kihispania, namna ambayo mashine zilidhaniwa hazijui kuicheza. Ilipofika hatua ya 36 Deep Blue iliweza kumwingiza malkia wake katika eneo la adui na kujipatia vitunda. Kasparov aliitazamia hatua hiyo, kwa kuwa ingemfungulia yeye njia ya kujibu mashambulizi. Mashine haikuicheza. Ilibadilishana vitunda kwanza, kisha katika hatua ya 37 ikamweka askofu katikati, mbele ya kitunda cha weusi, na mlango wa mwisho ukafungwa. Kasparov akakosa pumzi, na katika hatua ya 45 akakubali kushindwa.

Mshtuko wa siku ile ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni shaka ya Kasparov kwamba hatua kama ile haikutoka kwa mashine bali kwa mtu, akataka kuonyeshwa kumbukumbu za hesabu zake. Kumbukumbu zilipochapishwa baadaye zilionyesha kuwa mashine ilianza kwa kumpendelea malkia kama mashine nyingine yoyote, kisha namba ya hatua hiyo ikashuka kadiri ilivyotazama mbele, ikajiongezea muda, na ndipo ilipochagua nyingine. Hapakuwa na shauri la kuukaba ubao. Palikuwa na kipimo kilichotengenezwa vizuri na upeo uliosogezwa mbali. Sehemu ya pili ni chungu zaidi. Wachambuzi walionyesha upesi kwamba pale alipokubali kushindwa, Kasparov alikuwa na njia ya kumwandama mfalme wa weupe kwa vitisho visivyokwisha na kupata sare. Mashine ilikuwa imeacha tundu, na mtu hakulitafuta kwa sababu alikwisha amini kuwa mashine haiachi matundu. Mashindano yote yalimalizika tarehe 11 Mei kwa tatu na nusu dhidi ya mbili na nusu.

Kwamba imani hiyo ilikuja mapema mno, Kasparov mwenyewe alithibitisha baada ya miaka sita. Katika Novemba 2003, mjini New York vilevile, alicheza michezo minne na programu ya Fritz. Katika mchezo wa tatu aliufunga upande wa malkia kwa vitunda tangu mwanzo, na Fritz ikabaki ikizipeleka kete zake nyuma na mbele kama mtu aliyepotewa na ufunguo. Hatua iliyohitajiwa, kusukuma kitunda cha safu ya f, ilikuwa dhahiri kwa watazamaji. Mashine haikuicheza, maana haikuona faida yoyote ndani ya upeo wake. Wasimamizi wake walikubali kushindwa katika hatua ya 45. Mashindano yaliisha sare, mbili kwa mbili.

Miaka mitano baadaye Hikaru Nakamura aliitendea programu ya Rybka jambo la kuaibisha zaidi katika mchezo wa haraka uliozidi hatua 250. Ubao ulifungwa kabisa; Rybka, ikiwa imemzidi kwa kete, iliamini inaongoza, na kwa kuwa kanuni ya hatua 50 ilikaribia kuuleta mchezo kwenye sare, ilitoa kitunda kuiepuka sare hiyo. Ikabomoa boma lake kwa mkono wake na kushindwa.

Badiliko la kweli lilitokea wanadamu walipoacha kuandika kipimo. Programu ya AlphaZero, iliyotangazwa na kampuni ya DeepMind mwezi wa Desemba 2017, haikuambiwa thamani ya ngome wala ya kitunda. Ilipewa kanuni za mchezo, ikacheza na nafsi yake michezo ipatayo milioni 44, na kutokana nayo ikajifunza kukadiria jambo moja tu: kutoka mkao huu, ni nini matumaini ya matokeo? Ilitazama mikao 80,000 kwa sekunde, hali mpinzani wake Stockfish ilitazama milioni 70; na katika michezo 100 ilishinda 28 bila kushindwa hata mmoja. Walikuwapo waliolalamika kwamba Stockfish haikupewa masharti yanayoistahili, na malalamiko yao hayakuwa bure. Hata hivyo namna ya mchezo haikukanushika. AlphaZero ilitoa kete kwa ajili ya kumbana adui, ikangoja, ikaziacha kete za mwenzake zikiwa hai kwa hesabu lakini zimekufa kwa kazi.

Waliokuwa wakiishughulikia Stockfish hawakung'ang'ania urithi wa Shannon. Mwaka wa 2020, katika toleo la 12, walitia ndani yake mtandao mdogo wa kujifunza, uliobuniwa na Yu Nasu kwa ajili ya sataranji ya Kijapani, wakaacha upekuzi wa zamani ufanye kazi pamoja na ukadiriaji mpya. Kwa muda kipimo kilichoandikwa kwa mkono kilibaki pembeni kama msaidizi. Katika toleo la 16.1, la Februari 2024, hakikuwamo tena.

Hapa liko jambo linalowahusu watu wa lugha. Wachezaji waliendelea kusoma namba ya mashine kwa kipimo cha vitunda: moja maana yake kitunda kimoja cha ziada, au faida iliyo sawa nacho. Lakini tangu toleo la 15.1, la Desemba 2022, moja ya Stockfish imepangwa imaanishe kwamba mwenye mkao huo ana nafasi 50 katika 100 ya kumshinda mpinzani aliye sawa naye. Kitunda kimebaki kwenye midomo ya watu, hali katika hesabu kimekwisha ondoka. Mtu afunguaye uchambuzi wa mwaka wa 1997 na wa leo, akaona namba moja katika kurasa zote mbili juu ya mkao uleule uliofungwa, anasoma habari mbili zilizo mbali: ya kwanza inahesabu kilichomo ubaoni, ya pili inakisia kitakachotokea.