Mkono wa Kijumwa: Mkutubi na Isnadi ya Mswada

Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyeishi takriban kati ya mwaka 1855 na 1945, alikuwa fundi wa kuchonga mbao, malenga, mwanamuziki na mwandishi wa khati. Wataalamu wa Ulaya waliotafuta tungo za kale za Waswahili, mmoja baada ya mwingine, walimwendea yeye: Alice Werner, kisha William Hichens, kisha Ernst Dammann, aliyefika Lamu mwaka 1936. Kijumwa aliwanakilia tendi kwa hati za Kiarabu, na mara nyingine aliipamba kurasa ya kwanza kwa nakshi zinazomtambulisha aliyezoea kushika patasi kabla ya kalamu. Kazi hizo za mkono wake leo zimetawanyika. Nyingine ziko London, nyingine Hamburg, nyingine Berlin, kila moja ikiwa na namba yake na sanduku lake.

Hapo ndipo taabu inapoanzia. Mtafiti anayelinganisha nakala za utendi mmoja hufurahi akiona nakala tatu, kutoka maktaba tatu za miji mitatu, zinakubaliana neno kwa neno. Huandika kwamba matini imethibiti. Lakini iwapo nakala zote tatu zimetoka kwa Kijumwa, hakupata mashahidi watatu. Amempata shahidi mmoja aliyeulizwa mara tatu. Wanazuoni wa hadithi walilitambua jambo hili karne nyingi zilizopita, na mtoto wa chuoni katika mwambao huu hulisikia mapema: riwaya inayotoka kwa mpokezi mmoja haiwi mutawatiri kwa sababu tu waliomsikiliza walikuwa wengi. Hutazamwa isnadi. Nani kapokea kwa nani, walikutana wapi, na je, yule wa juu alikuwa hai wakati wa yule wa chini?

Mkutubi naye, apendeapo au asipopenda, ni mtu wa isnadi. Mwaka 1933 Pierce Butler, aliyefundisha ukutubi katika Chuo Kikuu cha Chicago, alichapisha kitabu kidogo cha kuutambulisha ukutubi kama elimu, na sura nzima aliitenga kwa ajili ya upande wa historia. Wengi hudhani kazi ya maktaba ni kupanga vitabu na kutunza ukimya. Kumbe kadi moja ya orodha, yenye jina la mtungaji, mwaka na mahali, ni dai la kihistoria. Huenda likawa kweli, huenda likawa kosa. Na likiwa kosa, halikosolewi kwa urahisi, maana wasomaji huiamini kadi kuliko wanavyomwamini mwandishi wa makala.

Kosa lililo jepesi kuliko yote ni kumwandika mnukuzi mahali pa mtungaji. Utendi wa Fumo Liyongo huhusishwa na jina la Kijumwa na mwaka 1913. Mkutubi mwenye haraka ataandika hivyo na kufunga kadi. Lakini kisa cha Liyongo na shairi linalonasibishwa kwake vilikwisha kupigwa chapa London mwaka 1870, katika mkusanyo wa hadithi alioukusanya Edward Steere hapa Unguja, miaka 43 kabla ya tarehe hiyo. Kwa hiyo kadi ya haki haina budi kutenganisha mambo manne: nyimbo ambazo wapokezi wanamnasibishia Liyongo mwenyewe, kisa kilichosimuliwa kwa mdomo, utendi uliokipanga kisa hicho kwa beti, na nakala ya karatasi iliyo mkononi mwa msomaji. Kila kimoja kina umri wake. Anayevichanganya atamfanya Liyongo kuwa wa juzi, au atamfanya Kijumwa kuwa wa enzi za Pate. Lote mojawapo ni dhulma kwa ushairi wetu, ambao tayari umeshatiliwa shaka ya kutosha na watu wasioujua.

Tarehe nayo ina mitego yake. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye, Mwana Hashima, utendi wa wasia, na ndani ya utendi huo mwaka umetajwa: 1275 wa Hijiria. Vitabu vingi vimeandika 1858, na hakuna anayeuliza tena. Basi na aulize. Mwaka 1275 ulianza Agosti 1858 ukamalizika mwishoni mwa Julai 1859. Ikiwa mwezi haukutajwa, sehemu kubwa ya mwaka huo imeangukia upande wa 1859, na anayeandika 1858 peke yake amechagua bila ya kusema kwamba amechagua. Mkutubi mwangalifu huandika mwaka wa Hijiria kama ulivyo kwanza, kisha huweka 1858/59 pembeni. Mkwaju mmoja mdogo, lakini humwachia mtafiti wa kesho nafasi ya kufikiri. Na hata hivyo hiyo ni tarehe ya kutungwa tu. Nakala iliyomo maktabani inaweza kuwa imeandikwa nusu karne baadaye, na mnukuzi mwenye adabu huweka jina lake na siku yake mwishoni, baada ya beti ya mwisho. Maneno hayo ya tamati hayana vina wala mizani. Ndiyo maana wapenzi wa mashairi huyaruka, na ndiyo maana wachapishaji wa zamani waliyaacha nje.

Mnukuzi asipojitaja, hubaki karatasi. Karatasi ya Italia yenye alama ya maji ya miezi mitatu iliuzwa kwa wingi katika nchi za Mashariki na kufika hata mwambao wetu. Ukiinyanyua mbele ya mwanga, alama hujitokeza, na mjuzi wa karatasi anaweza kukisia kipindi chake. Lakini karatasi hukataa tu, haikubali: humwambia mtu kwamba nakala haikuweza kuandikwa kabla ya kutengenezwa kwake, haimwambii iliandikwa lini baada ya hapo. Watu walihifadhi karatasi nzuri majumbani mwao miaka na miaka.

Mfano mwingine wa isnadi ni Muyaka bin Haji wa Mombasa, anayesemwa kufariki mwaka 1840. Mashairi yake hayakuachwa katika diwani iliyopangwa na mkono wake. Yalikaa vifuani mwa watu, hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya na kuyafafanua pamoja na W. E. Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyekijua Kiswahili cha Mombasa kwa undani usio wa kawaida. Karatasi hizo zikaenda London. Hichens akazitengeneza, na diwani ikatoka Johannesburg mwaka 1940, miaka mia moja kamili tangu malenga aage dunia, tena kwa hati za Kirumi. Hatua hiyo ya mwisho si ndogo. Katika hati za Kiarabu kama zilivyotumika kwa desturi, herufi ya ba iliweza kusomwa b, p au mb, na kasra moja ikasimama kwa i na kwa e. Kila neno lililohamishwa limepita katika hukumu ya mtu. Jina la Sikujua, ambaye bila yeye mlolongo ungekatika, ndilo linalopotea kwanza kadi inapofupishwa.

Katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna mkusanyo unaohusishwa na jina la J. W. T. Allen, ambaye orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Jina la orodha hiyo lina jambo la kuzingatiwa: linataja miswada na kanda za sauti pamoja. Allen alielewa kwamba utendi ni kitu cha kusomwa kwa sauti, na kwamba sauti ya msomaji nayo ni ushahidi. Inapohitilafiana sauti na karatasi, orodha inayozitaja zote mbili humpa mtafiti pa kuanzia.

Dammann naye alipotoa orodha yake ya miswada ya Kiswahili iliyomo Ujerumani, mwaka 1993, ilikuwa imepita miaka 57 tangu siku zake za Lamu. Alikuwa na bahati ambayo wakutubi wachache huipata: mengi ya yale aliyoyaorodhesha aliyajua yametoka mikononi mwa nani.

Watunza nyaraka wana kanuni iliyowekwa Ufaransa mwaka 1841, kwamba karatasi zilizotoka kwa mwenyewe mmoja zikae pamoja, zisigawanywe kwa mada. Kwa Kijumwa kanuni hii ina uzito wa pekee, kwa sababu hakupeleka tendi tupu. Aliandika na barua. Msomaji wa ushairi huona barua ni takataka, naye mpangaji wa mafaili huziweka penye mawasiliano huku utendi ukienda penye fasihi. Lakini ni barua hizo zinazoweza kusema nakala fulani iliandikwa kwa ajili ya nani, ilinukuliwa kutoka kwa kitabu cha nani hapo Lamu, na ilitumwa lini. Abou Egl, aliyeandika tasnifu juu ya maisha ya Kijumwa London mwaka 1983, alimfuata mtu huyo kwa kuzisoma karatasi zake pamoja, na kutokana na kazi kama hiyo mwandishi wa khati aliyekuwa jina tu chini ya ukurasa akapata tena mji, ufundi na jamaa zake.