Mateka wa Reli ya Bama

Watu wengi hudhani ya kuwa vita hukoma siku ya kutiwa sahihi mkataba wa amani. Leo twataka kusimulia habari za askari ambaye vita vyake vilidumu karibu miaka hamsini baada ya bunduki kunyamaza.

Jina lake Eric Lomax, mzaliwa wa Edinburgh, Uskochi, mwaka 1919. Tangu utoto alipenda mno magari ya moshi. Kabla ya vita kuanza aliingia kikosi cha wapeleka habari cha jeshi la Uingereza, akapelekwa Malaya. Tarehe 15 Februari 1942 Singapore ilianguka mikononi mwa Wajapani, naye akawa mateka pamoja na maelfu ya wenzake.

Wajapani walitaka reli ya kupelekea majeshi yao Bama. Urefu wake ulikuwa kilometa 415, katika milima na misitu, nayo ilimalizwa Oktoba 1943. Mateka wapatao 60,000 walitiwa kazini. Zaidi ya 12,000 walikufa kwa njaa, maradhi na mapigo. Vibarua wa Asia waliokufa walikuwa wengi zaidi.

Huko Kanchanaburi, Thailand, Lomax na wenzake waliunda redio kwa siri. Haikuweza kupeleka habari, ila kupokea tu. Sisi tusikilizao redio kwa raha hatuna budi kufikiri thamani ya habari kwa mtu aliyefungiwa msituni: kusikia kwamba adui anashindwa kulikuwa chakula cha roho. Mwaka 1943 redio ikagunduliwa. Walipigwa kwa magongo hata wawili wakafa. Lomax alivunjwa mikono yote miwili. Kisha polisi wa jeshi la Japani walimhoji na kummiminia maji puani na kinywani, huku mkalimani, Nagase Takashi, akimfasiria maswali. Akahukumiwa kifungo cha miaka mitano, akakaa gerezani Singapore hata vita vilipokwisha mwaka 1945.

Mwili ulipona, akapata kazi, hata akatumika Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Walakini hakusema neno juu ya mateso yake. Ndoto mbaya zilimwandama, na chuki yote ikamwelekea yule mkalimani. Alikuwa amekwisha kuwa mzee ndipo mkewe, Patti, alipomhimiza atafute msaada, akatibiwa na taasisi ya kuwahudumia watu walioteswa.

Akapata kujua ya kuwa Nagase yu hai, amejuta, tena amejenga hekalu karibu na daraja la Kanchanaburi. Mwaka 1993 wakakutana hapo. Lomax, aliyetamani kisasi kwa miaka mingi, alimkuta mzee anayetetemeka kwa majuto. Baadaye akampa barua ya msamaha, nao wakawa marafiki. Nagase alifariki mwaka 2011, Lomax mwaka 2012.

Askari wetu wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland nao walipigana Bama mwaka 1944. Waliporudi tuliwauliza habari za nchi za mbali, bali si habari za usiku wao. Na aliyenyamaza tulimhesabu kuwa shujaa. Maisha ya Lomax yatufundisha kwamba jeraha lililofunikwa haliponi. Basi arudipo mtu kutoka vitani, tusitosheke kumpokea kwa ngoma. Tumpe na sikio letu, hata kama ni baada ya miaka mingi.