Chumba cha Bi Harusi na Ukuta Unaobambuka



Mwezi mmoja kabla ya harusi ya mdogo wetu tulipaka rangi chumba chake katika nyumba ya bibi, Mji Mkongwe. Palipobambuka fundi aliziba kwa saruji, kisha akapaka rangi ya mafuta, tena ya bei. Siku ya kutandika kitanda ukuta umevimba mapovu, na rangi inaangukia mashuka kama maganda ya kitunguu. Tulificha kwa mapazia, lakini pesa zilishakwenda. Bibi akatwambia, "Wanangu, mmeuvika ukuta nguo isiyo yake."

Sisi ni washoni, neno hilo lilitugusa. Tukaanza kuuliza: nguo yake ni ipi?

Nyumba za zamani za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa juu ya magogo mpaka yakalainika, kisha yakazimwa kwa maji. Kuta ni nene, na hunyonya unyevu wa ardhini na wa mvua. Chokaa huuachia unyevu huo utoke taratibu, kama kitambaa cha pamba kinavyopitisha jasho.

Pwani yetu yote iliijua kazi hii. Kule Lamu, nyumba za karne ya 18 zina zidaka, vishubaka vilivyochongwa kwa lipu ya chokaa katika chumba cha ndani kabisa, chumba cha wanawake. Humo vilipangwa vyombo vya kaure. Weupe wa ukuta ndio uliokuwa pambo, na kila ulipochakaa ulipakwa chokaa upya.

Mambo yakabadilika. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa na kuingia wapangaji wengi, na matengenezo yakapungua. Mwaka 1966 kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kikaanza kazi. Saruji ni ya haraka na hukauka ngumu, kwa hiyo kila ufa ukazibwa kwayo. Tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta, ni kweli, lakini sisi tuliuziba kwa kitu kisichopumua. Unyevu ukafungiwa ndani pamoja na chumvi yake, ukatafuta njia, ukaisukuma rangi. Hapo ndipo inapobambuka.

Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe, na mwaka 2000 UNESCO ikautia mji katika Urithi wa Dunia. Elimu ya chokaa ikaanza kuthaminiwa tena.

Basi sisi tulirudi nyuma. Kwanza tuliziba paa lililovuja, kwa sababu ukuta unaoendelea kulowa haupakiki. Tukakwangua rangi yote iliyolegea na kubandua saruji. Rangi za mafuta za zamani huenda zina risasi, kwa hiyo lowesha ukuta kabla ya kukwangua, funga pua na mdomo, na wajawazito na watoto wasikae karibu. Tukauacha ukuta ukauke, si siku mbili, ni miezi. Kisha lipu ya chokaa na mchanga usio wa baharini, na juu yake chokaa nyepesi, mkono baada ya mkono. Vaeni glavu na mlinde macho, chokaa inaunguza.

Kama nyumba yenu ni ya matofali ya saruji, rangi ya maji inafaa, ila nayo ingoje ukuta ukauke.

Dada unayejiandaa kuolewa, kabla hujanunua ndoo ya rangi uliza ukuta umejengwa kwa nini. Kumwaga pesa juu ya unyevu ni israfu. Chumba cha mdogo wetu leo ni cheupe tu, hakina urembo mwingine, na mtoto wake analala humo. Alhamdulillah.