Alicia Nash na Mume Aliyekataa Dawa



Wapendwa waamini, wengi wenu mnalijua jina la John Nash, mwanahisabati wa Marekani, kutokana na filamu iliyotengenezwa juu yake mwaka 2001. Ni filamu nzuri, lakini jambo moja ililigeuza. Humo Nash akiwa mzee anasema kwamba anatumia dawa mpya. Nash halisi hakumeza dawa yoyote ya ugonjwa wa akili tangu mwaka 1970. Juma hili tunapenda kuitazama upya historia hiyo kwa upande wa mkewe, Alicia, kwa ajili ya wale walio na mwenzi mgonjwa asiyetaka hata kusikia neno daktari.

Alicia Lardé alizaliwa El Salvador mwaka 1933, akasomea fizikia katika chuo cha MIT, ambako Nash alikuwa akifundisha. Walioana mwaka 1957. Miaka miwili baadaye, Alicia akiwa mjamzito, mumewe alianza kusema kwamba gazeti la New York Times lilikuwa na ujumbe wa siri aliopelekewa yeye. Chuo Kikuu cha Chicago kilipompa kazi, aliikataa kwa kuwa, alisema, alikuwa karibu kutawazwa mfalme wa Antaktika.

Mwezi Aprili 1959 Alicia alikubali alazwe kwa nguvu katika hospitali ya McLean, karibu na Boston. Mtoto wao alizaliwa mwezi Mei, baba akiwa angali ndani. Nash alitafuta mwanasheria, akatoka, akaacha kazi, akaenda Ulaya ili kuukana uraia wake. Alicia alifuatana naye. Mwaka 1960 alirudishwa Marekani. Mwaka 1961 alilazwa tena, safari hii Trenton, katika hospitali ya serikali, ambako walimchoma insulini hadi kupoteza fahamu, kama ilivyokuwa desturi ya tiba za wakati ule.

Hatuna budi kulielewa jambo hili vema. Mwenye homa hujua kwamba anaumwa. Lakini mwenye ugonjwa wa namna hii aghalabu hajioni mgonjwa, na kutojiona huko ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Ukimwambia, "Mume wangu, hayo si kweli," hapati faraja. Anapata adui mmoja zaidi, tena wa chumbani mwake. Nash aliandika baadaye kwamba kila alipolazwa ilikuwa bila hiari yake, na kila mara alijaribu kutoka kwa njia ya sheria. Naye alimlaumu mkewe.

Mwaka 1963 walitalikiana. Sisi tunaofundisha kwamba ndoa haivunjiki twaweza kutamani kuiruka sentensi hiyo. Tusiiruke. Yule mama alikuwa na mtoto mdogo, alikuwa na kazi ya kutafuta, na alikuwa amechoka. Anayeketi mbali asiwe mwepesi wa kumhukumu.

Mwaka 1970 Nash alikuwa hana pa kwenda. Mama yake mzazi alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alicia akamkaribisha nyumbani kwake, karibu na Princeton. Hakumrudisha kama mume, bali kama mpangaji, ingawa kodi hakuwa nayo. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba hatamlaza tena kwa nguvu. Akampa chumba, chakula na utulivu, akiitunza nyumba kwa kazi ya kuandika programu za kompyuta. Mchana Nash alizunguka chuoni Princeton, akiandika ujumbe wa ajabu ubaoni. Wanafunzi walimwita mzuka wa Fine Hall, jengo la hisabati. Wenyeji wa chuo hawakumfukuza, na hilo nalo lilikuwa sehemu ya uuguzi.

Iliendelea hivyo miaka mingi. Polepole sana Nash alianza kuyakataa mawazo yale yeye mwenyewe, akianza na yale ya kisiasa, ambayo aliyaona kuwa ni kupoteza nguvu za akili bure. Mwaka 1994 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili.

Asitokee mtu, tunasihi, atakayesoma hapa na kumwambia mgonjwa wake aache dawa. Kupona namna hii bila dawa si jambo la kutegemea. Wagonjwa wengi wa skizofrenia wanazihitaji, na akitishia kujidhuru au kudhuru wengine, kumpeleka hospitali si usaliti. Tunachokiona kwa Alicia ni kitu kingine: alipokoma kushindana na mumewe juu ya ukweli wa mawazo yake, bado alikuwa na kazi ya kufanya kila siku. Kulikuwa na chakula cha kupika na kitanda cha kutandika.

Walifunga ndoa tena mwaka 2001. Tarehe 23 Mei 2015, wakitoka Norwei ambako Nash alikuwa amepokea Tuzo ya Abel, teksi iliyokuwa ikiwarudisha nyumbani ilipata ajali New Jersey, wakafariki wote wawili. Yeye alikuwa na miaka 86, Alicia 82.