Kura Mbili za Siku Moja: Mwairishi na Chama Chake

Baadhi ya wachunguzi wa siasa za Ireland husema kwamba maoni ya mwananchi wa nchi ile hayatoki kichwani mwake, bali hutoka nyumbani kwao. Mtoto, wasema, hukikuta chama mezani kama anavyokikuta chakula. Babu akiwa wa upande huu, na baba akiwa wa upande huu, mwana hana njia nyingine ya kupita. Usemi huu una kweli ndani yake, lakini si kweli yote. Iko siku moja katika historia ya watu wale iupunguzayo nguvu, nayo ni 17 Juni 1959. Siku hiyo wapiga kura walipewa karatasi mbili. Kwa karatasi ya kwanza walimchagua Éamon de Valera awe Rais wa nchi. Kwa karatasi ya pili walilikataa jambo ambalo mzee huyo huyo na chama chake waliwaomba walikubali. Ili kulifahamu jambo hilo, yapasa kwanza kukitazama chanzo cha urithi wenyewe.

Tarehe 6 Desemba 1921, mjini London, wajumbe wa Ireland walitia sahihi mkataba uliozaa Dola Huru ya Ireland. Mkataba ule ulikomesha vita na Waingereza, lakini ulileta kiapo ambacho wabunge walitakiwa kula, chenye kutaja uaminifu kwa mfalme wa Uingereza. Bunge lao, liitwalo Dáil, lilibishana kwa siku nyingi, na tarehe 7 Januari 1922 liliukubali mkataba kwa kura 64 dhidi ya 57. Waliokubali walisema kwamba huo ni uhuru wa kupatia uhuru. Waliokataa, de Valera akiwa mkuu wao, walisema kwamba jamhuri iliyokwisha kutangazwa haiwezi kuuzwa. Mwezi wa Juni mwaka ule watu waliokuwa wamelala katika handaki moja walianza kuuana. Michael Collins, jemadari wa waliokubali, aliuawa kwa risasi tarehe 22 Agosti katika wilaya ya Cork, kwao alikozaliwa. Serikali nayo iliwaua wafungwa zaidi ya 70 kwa amri. Vita vilipokoma katika Mei 1923, hapakuwa na mkataba wa suluhu; wapiganaji walioshindwa waliambiwa na wakuu wao waziweke silaha, wakarudi makwao na uchungu wao.

Waswahili husema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Wairishi walipata mavuno machungu kwa sababu ugomvi ule haukuisha, bali uligeuzwa vyama. Waliokubali mkataba, chini ya W. T. Cosgrave, waliunda chama katika mwaka 1923, ambacho mwaka 1933 kiliungana na wengine kikawa Fine Gael. De Valera alianzisha Fianna Fáil mwaka 1926. Chama cha Labour, kilichozaliwa mwaka 1912, kilikuwa kikongwe kuliko hivyo viwili, lakini kilikaa kando kama mgeni katika ugomvi wa nyumba moja. Mgeni wa nchi aliyetafuta tofauti ya Fianna Fáil na Fine Gael katika mambo ya kodi, ardhi au shule aliiona kuwa ndogo. Mwenyeji hakuhitaji kuitafuta. Aliijua kwa makaburi.

Hata hivyo, haki yapasa itolewe. Baada ya waziri Kevin O'Higgins kuuawa katika Julai 1927, serikali ilitunga sheria ya kuwalazimisha wagombea kukubali kula kiapo. De Valera na wenziwe waliingia bungeni mwezi uliofuata, wakaweka sahihi zao kitabuni, wakisema kwamba hayo ni maneno matupu. Mwaka 1932 walipata nguvu ya kutawala, na Cosgrave akakabidhi serikali kwa watu aliopigana nao miaka tisa nyuma. Husimuliwa kwamba baadhi ya wabunge wa Fianna Fáil waliingia bungeni siku ile na bastola mifukoni. Bastola hazikutoka. Nchi nyingi zilizopata uhuru katika karne ile hazikuipita salama siku kama hiyo.

Jambo la pili la kutazama ni namna ya kupiga kura. Mwairishi haweki alama moja tu. Mbele ya jina la ampendaye kwanza huandika 1, mbele ya ampendaye pili huandika 2, na kuendelea kadiri apendavyo. Kila jimbo hutoa wabunge kadhaa, siku hizi kati ya watatu na watano. Jimbo la wabunge wanne likiwa na kura 40,000, mgombea hutosheka kwa kura 8,001. Kura zilizomzidi huenda kwa wale walioandikiwa namba ya pili, na za aliyeshindwa vivyo hivyo. Hesabu huweza kuchukua siku mbili au zaidi, na watu wa vyama husimama kando ya meza wakizichungulia karatasi na kuandika hesabu zao wenyewe.

Njia hii ina matunda mawili. La kwanza ni kwamba wagombea wa chama kimoja hushindana wao kwa wao. Kwa hiyo mbunge hulazimika kuwa karibu na watu wake: huhudhuria mazishi, husikiliza habari za barabara mbovu, hufuatilia pensheni ya mjane. Wako wanaolaumu kwamba mbunge wa namna hiyo ni tarishi, si mtunga sheria, na lawama yao si ya bure. Tunda la pili ni la ndani zaidi. Karatasi ile haimwulizi mtu, "Wewe ni wa nani?" tu. Humwuliza pia, "Na ikiwa huyo hakupata, je?" Mtu aliyelelewa kumchukia jirani hulazimika, walau kwa dakika moja, kuwapima majirani wote kwa daraja.

Sasa turejee mwaka 1959. Chama cha Fianna Fáil kilitaka njia hiyo iondolewe, na mahali pake iwekwe ile ya Waingereza, ambayo mwenye kura nyingi katika jimbo la mbunge mmoja huchukua kiti. Hoja yake ilikuwa kwamba vyama vidogo huleta serikali dhaifu, na mifano ya serikali za mseto za 1948 na 1954 ilikuwa karibu. Wapinzani walijibu kwamba chama hicho hicho kilitawala kwa njia ya zamani toka 1932 hadi 1948 bila kukatika, na kwamba njia mpya ingekipa viti kupita haki yake. Na hapa pana kinaya kikubwa: kilichomlazimisha de Valera kuwaomba watu ruhusa ni katiba ya 1937, ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeisimamia ilipoandikwa, na ndiyo iliyoifunga njia ile kwa kufuli ambalo ufunguo wake ni kura ya watu wote.

De Valera alipata kura 538,003 za urais. Waliokubali badiliko lake walikuwa 453,322, na waliokataa 486,989. Kwa hiyo wapenzi wake zaidi ya 80,000 walimpa mzee heshima yake kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili hawakumpa alichotaka. Mwaka 1968 chama kiliuliza tena swali lile lile, na safari hii waliokataa walikaribia 61 kwa kila 100. Mwaka uliofuata wengi wao walikirudisha chama hicho madarakani.

Wala urithi haukufa siku zile. Liam Cosgrave, mwana wa W. T. Cosgrave, alikuwa Waziri Mkuu toka 1973 hadi 1977. Lakini ulichakaa polepole. Katika uchaguzi wa Februari 2020 chama cha Sinn Féin kilizipata kura nyingi kuliko vyote, na mwezi wa Juni Fianna Fáil na Fine Gael waliingia serikali moja pamoja na chama cha Kijani, karibu miaka 100 tangu kura ile ya 64 dhidi ya 57. Baada ya uchaguzi wa Novemba 2024 walishirikiana tena. Kapu limechukuliwa baada ya muda mrefu. Kama mavuno yatakuwa mema ni habari nyingine.

Mtu aweza kurithi chama kama arithivyo jina, na asione aibu. Lakini jina si amri. Wairishi wa 1959 walijua kwamba kumpenda kiongozi ni jambo moja, na kumwachia mizani ya kuwapimia viongozi wote wajao ni jambo jingine. Kiongozi hupita, mizani ikishaharibika, hata mjukuu wa aliyeiharibu hupunjwa.