Nyota Yenye Mkia Juu ya Ubao wa Mchongaji

Tarehe 2 Juni 1858, Giovanni Battista Donati aliiona kwa darubini yake mjini Florence nyota yenye mkia ambayo mpita njia asingeweza kuitambua. Kufikia Oktoba ilikuwa imetanda katika anga la Ulaya kila jioni, na magazeti ya picha, kama Illustrated London News la London na L'Illustration la Paris, yaliwachorea wasomaji nyota hiyo. Ni rahisi kuipuuza michoro hiyo kama pambo la gazeti na kukimbilia vipimo vya wanaastronomia. Nashikilia kinyume chake: kwa miaka mingi ya karne ya 19, ubao wa mchongaji ulihifadhi sura ya nyota hizo, kama macho yalivyoiona, vizuri kuliko kamera.

Sababu ya kwanza imo katika kazi yenyewe. Picha ilichongwa kwenye mbao ngumu iliyokatwa kwa kukingamisha shina. Palipoachwa palishika wino, palipochongwa palibaki peupe. Picha ya soko, kwa mfano, ilimdai mchongaji aondoe mbao nyingi ili apate mwanga wa mchana. Lakini usiku ulikuwa tayari umo ubaoni kabla hajashika patasi. Alichotakiwa ni mistari myembamba, iliyosongamana karibu na kichwa cha nyota na kuzidi kuachana kadiri mkia ulivyofifia. Picha kubwa iliunganishwa kwa vipande vilivyofungwa pamoja, kila mchongaji akipewa chake, ili gazeti liwahi kutoka wiki hiyo.

Atakayepinga atasema magazeti yalitia chumvi ili yauzwe, kwani mkia unaopita juu ya mapaa yote ya mji ni ndoto ya mhariri. Lakini mkia wa nyota ya Donati ulifikia zaidi ya nyuzi 50, yaani zaidi ya nusu ya safari ya jicho kutoka upeo wa macho hadi utosini, na ulipinda kweli kama ulivyochorwa. Kosa la mchongaji lilikuwa kwingine, nami nalikubali: giza lake lilizidi. Katika mchoro wa rangi wa William Dyce unaoonyesha ufuo wa Pegwell Bay jioni ya tarehe 5 Oktoba 1858, nyota hiyo ni hafifu kiasi kwamba mtazamaji huitafuta. Wino mweusi haukuwa na njia rahisi ya kuonyesha mwanga hafifu wa magharibi.

Na kamera je? Mpiga picha William Usherwood aliipiga picha huko Surrey, Uingereza, tarehe 27 Septemba 1858, na usiku uliofuata mwanaastronomia George Bond akajaribu kuipiga kule Harvard, Marekani. Bamba la Bond lilinasa kiini na mwanga mdogo tu unaokizunguka. Umbo lililowatoa watu majumbani halikuwamo. Hali ilibadilika mwaka 1882, mwanaastronomia David Gill alipopata picha za nyota kubwa yenye mkia ya mwaka huo kule Cape, Afrika Kusini, zenye nyota nyingi za kawaida nyuma yake kiasi kwamba alipendekeza anga lote lipimwe kwa kamera. Hata hivyo, mitambo ya kuchapa picha za kamera moja kwa moja ilikuwa bado haijaenea magazetini, kwa hiyo msomaji wa kawaida aliendelea kuonyeshwa anga na mkono wa mchongaji.